Gazeti la mtu binafsi si lazima liwe huru

Wasomaji wengi wanaosimama kwenye meza za magazeti Kariakoo huamini kuwa gazeti la serikali lina upande, na la mtu binafsi liko huru. Umiliki una uzito, ndiyo. Lakini gazeti binafsi huishi kwa matangazo, na mtangazaji mkubwa anaweza kuogopwa kuliko waziri. Tena, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, linahitaji leseni ya serikali.

Ukitaka kupima uhuru wa gazeti, soma habari moja ya tuhuma kwenye magazeti mawili. Mtuhumiwa kapewa nafasi ya kujibu? Chanzo kimetajwa, au ni “habari za uhakika” tu? Makala inayosifia benki imeandikwa “Tangazo” juu yake? Na gazeti likikosea, husahihisha ukurasa wa mbele au kwa herufi za sisimizi huko ndani?