Kutililia nguo ya sufu: maana yake na namna inavyofanywa

Kutililia ni kuziba tundu la nguo kwa kufuma kitambaa kipya papo hapo penye tundu, kwa sindano na uzi. Ukivuta kingo za tundu zikutane ukazishona, umeikunyata nguo. Ukibandika kipande juu yake, umetia kiraka. Anayetililia hutandaza kwanza nyuzi za mtande kuvuka tundu, kisha hupitisha mshindio kati yake, uzi mmoja juu, mmoja chini, mpaka pale palipokuwa wazi pawe kitambaa tena.

Lamu ni mji wa joto, na huenda mtu akashangaa sufu imefuata nini huku. Basi na afungue kasha. Atakuta joho la harusi, bushuti ambayo babu huivaa siku za Maulidi, pengine na shali ya kilemba, na chini kabisa sweta za mtoto aliyesoma shule ya bweni Limuru. Kusi likishika, kati ya Juni na Agosti, alfajiri baharini ina baridi yake, na sweta ya mtumba humfaa baharia kuliko koti la nailoni lililolowa. Nguo hizi nyingi huvaliwa siku chache kwa mwaka na siku zilizobaki zimelala gizani, na hapo ndipo zinapoharibika.

Kinachozila si nondo unayemwona akiruka. Yule mdogo wa rangi ya dhahabu hali kitu. Kazi yake ni kutaga. Anayekula ni kiwavi wake, kwa sababu sufu ni nywele za kondoo, na nywele ni keratini, protini ile ile iliyomo katika kucha zetu. Kiwavi hupenda zaidi nguo yenye jasho na mafuta ya mwili, ndiyo maana matundu huanzia shingoni na kwapani. Kulifukiza joho kwa udi kunalipa harufu nzuri, lakini usikutegemee kumaliza mayai ya nondo. Liburashi mishono yote, ndani na nje, ulianike juani. Kama una friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, ifunge nguo ndani ya mfuko usiopitisha hewa uiache humo wiki mbili. Kutililia nguo ambayo bado ina viwavi ni kuwapikia.

Hakikisha pia kwamba ni sufu kweli, kwa maana majoho mengi ya siku hizi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, uushike kwa kibano, uuchome. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu jeusi linalosagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Uzi wa kutililia uwe wa sufu, wenye unene wa nyuzi za nguo yenyewe au mwembamba kidogo. Uzi wa poliesta ni mkavu na hauvutiki kama sufu. Nguo ikivutwa, sufu iliyouzunguka ndiyo itakayokatika, nawe utajikuta na tundu la pili pembeni ya la kwanza. Huna haja ya kuagiza uzi mbali. Sweta moja kuukuu ya mtumba ukiifumua inakupa uzi wa kazi nyingi, na kwa joho nyuzi bora zaidi zimo ndani ya pindo lake lenyewe, rangi ile ile, zimezeeka pamoja nalo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua kifuu cha nazi kilichosuguliwa kikalainika, ukiweke chini ya tundu upande wa mgongo, nguo ikae juu yake bila kuvutwa. Tumia sindano butu yenye tundu pana, ipite kati ya nyuzi isizitoboe. Usifunge fundo, acha mkia wa uzi, utauficha baadaye. Anza kwenye kitambaa kizima, kama sentimita moja kabla ya tundu, kwa mishono midogo ya kupita, uvuke tundu, uingie tena kwenye kitambaa kizima upande wa pili. Unapogeuka, acha kitanzi kidogo sana cha uzi. Wengi hukiona kitanzi hiki ni uchafu wa kazi wakakivuta kiishe, ilhali ndicho kinachookoa kazi yote: uzi mpya ukifuliwa mara ya kwanza husinyaa, na usipokuwa na akiba utaivuta nguo yote ikunjane. Mtande ukishajaa, geuza kifuu na uanze mshindio, ukisukuma kila mstari kwa ncha ya sindano ulalie ule uliotangulia. Mkono uwe mwepesi. Nyuzi zilale kwenye tundu, zisilibane.

Sweta ina shida yake, kwani imefumwa kwa vitanzi vinavyoshikana, na kimoja kikiachia huburuta wenzake. Vidake vitanzi vyote vilivyo wazi kwa uzi mwembamba kabla hujafanya lolote. Pale palipochakaa tu bila kutoboka, kama kiwikoni, fuata njia ya vitanzi vilivyopo kwa uzi mpya, na hakuna atakayepaona.

Tundu likizidi upana wa kiganja, mimi naona kiraka ni bora. Kutililia eneo kubwa hivyo hutoa kitambaa kinacholegea.

Ukimaliza, usikimbilie maji ya moto. Unyweleo wa sufu una magamba madogo, na joto pamoja na kusugua huyafanya yashikane, nguo ikaganda na kupungua. Tandaza kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya ulipotililia, uweke pasi ya joto la wastani, uinue, uweke tena; usiiburute. Mvuke hulainisha nyuzi mpya zikakaa na za zamani. Iache nguo imelazwa mpaka ikauke kabisa, ndipo uitundike.