Je, wajua kwa nini mafarao wa Luxor walizikwa ng'ambo ya mto?

Mgeni akifika Luxor, kusini mwa Misri, hachukui muda kugundua kwamba Mto Nile umeugawa mji mara mbili. Ukingo wa mashariki kuna mahekalu makubwa ya Karnak na Luxor. Ukingo wa magharibi kuna Bonde la Wafalme, lenye makaburi zaidi ya 60, na mahekalu ya kuwakumbuka watawala waliofariki, kama lile la Hatshepsut, farao mwanamke. Walio hai huku, wafu kule. Kwa nini?

Sehemu ya jibu imo hata katika Kiswahili: magharibi ni upande, na pia ni wakati wa jua kuzama. Wamisri wa kale waliamini kwamba jua, likishatua nyuma ya vilima vile, husafiri usiku kucha kuzimu na kuzaliwa upya mashariki asubuhi. Farao naye alitarajia kupita njia hiyohiyo. Ndiyo maana wafu waliitwa watu wa magharibi, na Osiris, mungu wao, akaitwa mkuu wa watu hao.

Ila imani peke yake haichimbi kaburi. Upande ule mlima wa mawe ya chokaa umesogea karibu na mto, unachongeka, na uko juu kuliko mashamba yaliyokuwa yakifunikwa na mafuriko kila mwaka kabla ya bwawa kubwa la Aswan kukamilika mwaka 1970. Amenhotep III alijenga hekalu lake chini, kwenye ardhi ya mafuriko. Maji na tetemeko la ardhi vililimaliza. Kwa karne nyingi kilichobaki wima ni sanamu zake mbili tu, Memnon kama wanavyoziita watu, kila moja yapata mita 18.

Juu ya bonde kuna kilele cha al-Qurn, chenye umbo la piramidi ambayo haikujengwa na mtu. Piramidi halisi zilikuwa zikiwaelekeza wezi mahali hasa pa kwenda, kwa hiyo wafalme hawa wakachagua kujificha mwambani. Haikuwasaidia sana: karibu makaburi yote yaliporwa zamani zilezile. La Tutankhamun, alilolipata Howard Carter mwaka 1922, nalo lilikuwa limeguswa, ingawa mali nyingi zilisalia.

Na ule mgawanyo wa walio hai na wafu usiuchukue kama sheria. Mafundi wa makaburi waliishi magharibi, kijijini Deir el-Medina, na zama za Ramesses III waligoma kwa sababu posho yao ya nafaka ilichelewa. Kwangu mimi magofu ya nyumba zao yanavutia kuliko kaburi lolote.

Ukienda, anza magharibi asubuhi na mapema, kwani bondeni joto halina huruma. Hekalu la Luxor liachie jioni, taa zikiwaka. Humo ndani utauona msikiti wa Abu Haggag, mlango wake wa zamani ukining'inia juu sana ya sakafu ya hekalu: ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa, na huo ndio uliokuwa usawa wa ardhi. Msikiti unasaliwa hadi leo. Ukiwahi, utaikuta adhana ya magharibi.