Viwango vya kitaifa vya kura ya posta Marekani: maana yake nini hasa?

Chukua karatasi moja ya kura, uitie kwenye bahasha, uipeleke posta Jumatatu, siku moja kabla ya uchaguzi. Je, itahesabiwa? Katika uchaguzi wa 2024, California iliipokea mradi iwe na mhuri wa posta usiozidi siku ya uchaguzi na ifike ndani ya siku 7. Colorado ilitaka iwe imeshafika mikononi mwa karani wa uchaguzi kufikia saa moja jioni ya siku yenyewe. Mhuri hauisaidii kitu.

Hiyo ndiyo hali ambayo neno "viwango vya kitaifa" linajaribu kuigusa. Marekani haina tume moja inayoendesha uchaguzi wa nchi nzima kama tulivyozoea Afrika Mashariki. Ibara ya kwanza ya Katiba yao, kifungu cha 4, inayaachia majimbo kupanga muda, mahali na namna ya kuchagua wabunge na maseneta, lakini inaliruhusu Bunge la nchi kubadili kanuni hizo wakati wowote. Kwa hiyo kiwango cha kitaifa ni sakafu. Jimbo halishuki chini yake, ila likitaka kupanda juu zaidi, ruksa.

Sakafu chache zipo tayari. Sheria ya 1993 inalazimisha majimbo mengi kumpa mtu nafasi ya kujiandikisha kupiga kura anapokwenda kuchukua leseni ya udereva, na inakataza kufunga uandikishaji zaidi ya siku 30 kabla ya uchaguzi wa kitaifa. Ya 2002, iliyotungwa baada ya mvutano wa kuhesabu kura za urais Florida mwaka 2000, ilitaka kila jimbo linaloandikisha wapiga kura liwe na daftari moja la kompyuta. (North Dakota haiandikishi kabisa: unafika na kitambulisho, unapiga kura.)

Pendekezo kubwa zaidi lilikuwa muswada H.R. 1 wa chama cha Democratic, uliopita Baraza la Wawakilishi Machi 2021 kwa kura 220 dhidi ya 210. Ulitaka mtu aandikishwe bila hata kuomba, uandikishaji hata siku ya kupiga kura, na kura ya posta kwa yeyote bila kuulizwa sababu. Texas, kwa mfano, inataka sababu: umri wa miaka 65 na zaidi, ugonjwa au ulemavu, kuwa nje ya wilaya yako, na nyingine chache. Seneti haikuupitisha. Juni mwaka huo kura ziligawanyika 50 kwa 50, na zilihitajika 60 ili mjadala uanze.

Mabishano ya wanasiasa huishia kwenye maneno makubwa ya wizi na haki, ilhali kura nyingi za posta hufia kwenye bahasha. Pennsylvania unapewa bahasha mbili: ya ndani ya kuficha kura, na ya nje yenye tamko unalotia sahihi. Ukisahau ya ndani, kura yako haihesabiwi. Mahakama ya Juu kabisa ya jimbo hilo iliamua hivyo mwaka 2020. Maofisa wanaziita "kura uchi". Wisconsin inataka shahidi mmoja atie sahihi na anwani yake. Alabama inataka mashahidi wawili, au ofisa anayeruhusiwa kushuhudia viapo. Mtu anayeishi peke yake aanze kubisha hodi kwa majirani.

Kisha sahihi. Majimbo mengi huilinganisha na ile iliyo kwenye kumbukumbu, ambayo mara nyingi ni ya leseni ya udereva, iliyochorwa kwa kalamu ya plastiki juu ya kioo cha mashine miaka kadhaa nyuma. Mzee ambaye mkono umeanza kutetemeka, au kijana aliyebadili mwandiko, anaonekana mtu mwingine. Dawa yake ni kumjulisha na kumpa muda wa kurekebisha. Colorado hutoa siku 8 baada ya uchaguzi. H.R. 1 ulitaka haki hiyo iwe kila mahali, pamoja na bahasha zilizolipiwa stempu na marufuku ya kudai mashahidi. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kiwango cha kitaifa kingeokoa kura nyingi kwa gharama ndogo.

Upande wa pili, wa chama cha Republican, nao una viwango vyake. Muswada wa SAVE, uliopita Baraza la Wawakilishi Aprili 2025, unataka anayejiandikisha aonyeshe hati ya uraia: pasipoti, au cheti cha kuzaliwa pamoja na kitambulisho cha picha, au cheti cha uraia wa kuandikishwa. Kwa fomu ya sasa ya kitaifa, mtu hutia alama na kusaini kwamba ni raia, akidanganya, anashtakiwa. Ugumu wa hati ni majina: mwanamke aliyechukua jina la mume, cheti chake cha kuzaliwa hakilingani na kitambulisho.

Hofu yao, kwamba wasio raia huingia kwenye daftari, haikutoka hewani. Mwaka 2024 Oregon iligundua watu zaidi ya 1,200 walioingizwa kwenye daftari bila uthibitisho wa uraia, kwa sababu ya makosa ya kuingiza taarifa kwenye ofisi za leseni. Msomaji mwenye kadi ya kijani (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) aliangalie hili kwa makini: ukipokea barua kwamba umeandikishwa, usipige kura. Omba kwa maandishi uondolewe na utunze nakala, maana asiye raia akipiga kura ya kitaifa anavunja sheria na anaweza kufukuzwa nchini.

Na raia wa Marekani aliye Dar es Salaam au Muscat? Huyo tayari ana kiwango cha kitaifa. Tangu sheria ya 2009, jimbo linapaswa kumtumia karatasi angalau siku 45 kabla ya uchaguzi, na kwa barua pepe au mtandao akitaka, mradi awe ameomba mapema. Fomu moja ya maombi inatumika kwa majimbo yote, na karatasi ikichelewa, kuna kura ya akiba ya kitaifa ambayo mtu anaandika mwenyewe majina ya wagombea. Tarehe ya kuirudisha, hata hivyo, bado inapangwa na jimbo.