Vifaa vya Kazi na Kodi ya Fundi Aliyeajiriwa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Fundi aliyeajiriwa akitunza risiti za vifaa alivyonunua kwa fedha yake, TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) itampunguzia kodi ya mshahara.

Ukweli: Hapana. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kinaruhusu gharama kutolewa kwenye mapato ya biashara na ya uwekezaji, wala hakigusi mapato ya ajira. Tuchukue fundi wa kiwanda cha mbao Mafinga anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi na kuchangia asilimia 10 NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango huo wa 60,000 hutolewa kwanza, zinabaki 540,000, na PAYE yake, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, ni 24,000. Mwezi atakaonunua randa ya umeme kwa 180,000, kodi itabaki 24,000 ile ile, hata awe na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti) mkononi. Nadhani dhana hii imeletwa na video za ughaibuni, kwa kuwa huko Australia, kwa mfano, mwajiriwa hudai kwenye ritani yake (taarifa ya mapato anayoipeleka kwa mamlaka ya kodi) gharama yote ya kifaa kisichozidi dola 300 za nchi hiyo. Hapa kwetu, mtu ambaye kipato chake ni mshahara tu uliokwisha kukatwa PAYE hatakiwi hata kuwasilisha ritani.

Dhana: Chochote mwajiri anachomlipa fundi kwa ajili ya vifaa lazima kikatwe kodi.

Ukweli: Inategemea kinavyolipwa, na hapa ndipo penye nafuu ya kweli. Kifungu cha 7 kinaacha nje ya mapato ya ajira fedha inayomrudishia mfanyakazi gharama aliyoingia kwa ajili ya kazi pekee. Fundi wetu akipeleka risiti kwa mhasibu akarudishiwa 180,000 zake, hakuna kodi. Akipewa posho ya vifaa ya kiwango kimoja kila mwezi, isiyodaiwa risiti, posho hiyo huunganishwa na mshahara na kukatwa. Makubaliano yaandikwe, pamoja na kifaa kuwa mali ya nani, maana ugomvi wa drili na grenda huibuka siku fundi anapoacha kazi.

Dhana: Akijiajiri, kila kifaa kitampunguzia kodi.

Ukweli: Si lazima. Mchomeleaji wa mageti pale Mwanjelwa, Mbeya, ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, kwa kawaida hutozwa kodi ya makadirio, nayo hupigwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Bei ya mashine yake haiingii humo. Akitaka ihesabiwe, itambidi ajitoe kwenye utaratibu huo na kuandaa hesabu kamili, kazi ambayo kwa karakana ndogo huenda ikala zaidi ya kile inachookoa.