Bei ya Kwanza Haimwachi Mwenyeji: Dhana Potofu Kuhusu Namna Tunavyoamua

Muulize bei muuza raba wa Kariakoo, naye atakutajia Sh 85,000. Utaguna, utapiga hatua mbili za kuondoka, atakuita, mtavutana mpaka 55,000, na utapanda daladala ukiwa na furaha ya mshindi. Kesho jirani anakuja na raba zilezile, kazinunua 35,000 duka la nyuma yake.

"Bei ya kwanza humbabaisha mgeni, mwenyeji haimgusi"

Inamgusa. Ile 85,000 ndiyo iliyofanya kazi yote, kwa sababu kuanzia hapo ulikuwa unashuka kutoka kwake badala ya kupanda kutoka kwenye thamani ya kiatu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio moja katika jarida la Science. Walizungusha gurudumu la namba mbele ya watu, kisha wakawauliza: kati ya nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa, za Afrika ni asilimia ngapi? Gurudumu lilikuwa limetegwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Walioona 10 walikisia karibu na 25; walioona 65 walikisia karibu na 45. Namba ile haikuhusiana hata kidogo na swali, na bado iliwavuta.

Tusidhani kusoma sana kunaokoa. Mwaka 2006 watafiti wa Ujerumani waliwapa wanasheria kesi ya mwanamke aliyeiba dukani, wakawataka warushe dadu kabla ya kupendekeza adhabu. Dadu zilikuwa zimechezewa zitoe jumla ya 3 au 9. Waliopata 3 walipendekeza wastani wa miezi kama 5, waliopata 9 miezi kama 8. Hebu fikiria mtu aliyesimama kizimbani, miezi mitatu ya maisha yake imening'inia kwenye dadu.

Dawa yake ni kuiwahi namba ya mwenzako. Kabla hujaingia sokoni, andika kwenye simu bei ambayo wewe mwenyewe uko tayari kutoa, baada ya kuulizia kwa watu waliokwishanunua. Ukishaisikia ya muuzaji kabla ya yako, umechelewa.

"Kipimo kinachopatia mara 95 kwa 100 kikisema unaumwa, una uhakika wa asilimia 95"

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona watu wakikosa usingizi kwa kutolielewa jambo hili.

Mwaka 1978 yalichapishwa majibu ya madaktari na wanafunzi wa udaktari 60 wa hospitali zinazofundishia za chuo cha udaktari cha Harvard. Waliulizwa hivi: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, kipimo humsingizia mtu asiyeumwa mara 5 kwa 100, mtu aliyepimwa bila dalili yoyote akikutwa nao, uwezekano kwamba anaumwa kweli ni kiasi gani? Jibu lililotolewa na wengi zaidi lilikuwa asilimia 95. Waliopatia ni 11 tu.

Achana na asilimia, hesabu watu. Wapange watu 1,000 uwanjani. Mgonjwa ni mmoja, na tuseme kipimo kinamnasa. Wazima ni 999, na kwa kuwa kipimo husingizia 5 katika kila 100, karibu 50 kati yao nao watanyooshewa kidole. Sasa una watu kama 51 walioambiwa wanaumwa, na anayeumwa ni mmoja. Ni kama asilimia 2.

Kosa halikuwa kwenye kipimo. Lilikuwa kwenye kusahau kuuliza: ugonjwa wenyewe ni wa kawaida kiasi gani kwa watu kama huyu? Mwanasaikolojia Mjerumani Gerd Gigerenzer ameonyesha kwamba swali kama hilo likiwekwa kwa idadi ya watu badala ya asilimia, hata madaktari hulipatia mara nyingi zaidi. Na hii ni sababu mojawapo ya kipimo cha VVU kinachoonyesha maambukizi kurudiwa kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya mtu kupewa jibu la mwisho. Lakini tuelewane: hesabu hii ni ya mtu asiye na dalili, kwa ugonjwa adimu. Aliyekuja na dalili yuko kwenye kundi jingine, na jibu lake lina uzito mwingine. Hakuna anayeruhusiwa kulitupa jibu la maabara kwa kusingizia makala hii. Rudi ukapimwe tena.

"Wamezaliwa wasichana watatu, wa nne lazima awe mvulana"

Mimba haikumbuki zilizotangulia. Uwezekano unabaki karibu nusu kwa nusu. Mantiki hiihii huwapoteza vijana wa mikeka ya kubeti wanaoamini timu iliyofungwa mara tano "sasa imeiva". Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, nchini Monaco, kigololi cha ruleti, gurudumu la kamari lenye nyekundu na nyeusi, kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na watu wakateketeza fedha nyingi kwa kuishikilia nyekundu, kila mmoja akisema zamu yake imefika.

"Ukitaka kuamua vizuri, weka moyo pembeni"

Antonio Damasio, daktari wa ubongo, alisimulia habari za mgonjwa wake mmoja aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo, ambaye hisia zake zilikuwa zimefifia huku akili ikifanya kazi. Alipewa siku mbili achague moja ya kurudi kliniki. Alifungua shajara, akaanza kupima: shughuli nyingine, hali ya hewa, hili na lile, karibu nusu saa nzima. Damasio alipomwambia aje ile ya pili kati ya siku hizo mbili, akasema sawa, akafunga shajara, akaondoka. Moyo ndio unaotuambia kipi kina uzito. Bila huo, hesabu haina mwisho.

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga"

Methali hii naipenda inapomsukuma mvivu. Kwenye fedha ni hatari. Mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer waliwauliza watu: umelipia safari mbili za mapumziko, moja dola 100, nyingine dola 50, na hii ya bei nafuu ndiyo unayotarajia kuifurahia zaidi, zimegongana tarehe na hela hairudi, utakwenda ipi? Zaidi ya nusu walichagua ile ya dola 100. Hela imekwenda kote kuwili, lakini kubwa ndiyo inayouma.

Kaka yangu alikuwa na bajaji. Ilikufa klachi, akatengeneza. Ikafuata boksi la gia, akatengeneza. Kila fundi alipotaja bei, jibu lake lilikuwa moja: "Nimeshaweka nyingi humu, siwezi kuiacha." Siku moja shemeji akamuuliza taratibu, akiwa anapepeta mchele: "Baba Asha, kama ungeikuta leo inauzwa hivihivi, kwa hela hiyohiyo ya fundi, ungeinunua?" Alinyamaza muda mrefu. Wiki iliyofuata akampigia dalali.

"Mimi nilijua tangu mwanzo"

Bajaji ilipouzwa, nilimwambia kaka kwamba toka siku ya kwanza nilijua haitafika mbali. Nilisema kwa dhati, sikuwa nadanganya, ndivyo nilivyokumbuka. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo, huona kana kwamba mwisho ule ulikuwa wazi mapema. Kaka hakubishana. Alipekua simu yake, akanionyesha ujumbe nilioutuma mwenyewe miezi minane nyuma: "Tia injini mpya, itakulipa."