Mweleze boksa kwa kichwa chake kwanza, rangi iache mwisho

Kadi nyingi za chanjo ya kichaa cha mbwa zinazopita mezani kwangu zina maelezo ya namna hii: "Boksa, kahawia, uso mweusi, mkali." Yote yanaweza kuwa kweli na mbwa bado asijulikane. Bulmastifu, aina nyingine ya mbwa, naye huwa kahawia mwenye uso mweusi, tena anaweza kumzidi boksa kwa kilo ishirini. Mbwa wa kienyeji aliyechanganyika na Boerboel, mbwa mkubwa wa Afrika Kusini, anaweza kuandikwa vivyo hivyo. Na ukali ni jambo la malezi na la siku yenyewe. Haumtambulishi mbwa wa aina yoyote.

Mimi ni daktari wa mifugo, na boksa ni mbwa ninaowapenda na kuwatibu miaka mingi. Maelezo mabovu yana gharama. Mtu hulipa pesa nyingi kwa mtoto wa mbwa ambaye si boksa, mbwa aliyepotea hatambuliki, na daktari anayempokea mgonjwa usiku hapati onyo kuhusu moyo wake. Kwa hiyo nawaomba wenye boksa, na wanaouza watoto wa boksa, wabadilishe mpangilio: waanze na kichwa, waje kwenye umbo la mwili, na rangi waiweke mwisho.

Kichwa ndicho kinachomfanya boksa kuwa boksa. Kipime kwa vidole tu kama huna rula: toka ncha ya pua hadi kona ya ndani ya jicho, kisha toka kona hiyo hadi kisogoni. Katika kanuni za shirikisho la kimataifa la mbwa, FCI, ambako boksa ana namba 144, sehemu ya kwanza inatakiwa iwe nusu ya ile ya pili. Sehemu hiyo ya mbele nitaiita domo. Basi domo la boksa ni fupi, lakini lipo. Anayesema boksa ana "uso bapa" anamfananisha na Pug, mbwa mdogo wa uso uliobonyea, na wafugaji wanaofukuzia ubapa huo wanampunguzia mbwa pumzi. Domo hilo ni pana, limejaa, linakaribia kuwa la mraba, na halichongoki kuelekea puani. Paji la uso linashuka ghafla kati ya macho na kufanya kona iliyo wazi, halafu ncha ya pua inainuka kidogo kuliko shina lake. Mtazame kwa ubavu utaona: pua ya boksa inatazama juu kidogo.

Kisha taya. Taya la chini la boksa limetokeza mbele ya lile la juu na kujikunja juu kidogo. Kwa mbwa wengi hiyo ingeandikwa kuwa kasoro. Kwa boksa ndivyo anavyotakiwa kuwa. Ila kuna mpaka wake: mdomo ukifungwa, meno wala ulimi havitakiwi kuonekana, huku kidevu kikionekana ukimtazama kwa mbele na kwa ubavu. Meno ya chini yakichomoza nje wakati mdomo umefungwa, taya limezidi, na hilo liandikwe. Fungua mdomo uangalie pia umbali kati ya chonge mbili za chini. Zinapaswa kuwa mbali, kwa sababu taya ni pana mbele.

Macho ni ya rangi nzito, hayatokezi wala hayajazama, na kingo za kope ni nyeusi. Paji la uso hujikunja mbwa anapokuwa makini na kunyooka anapotulia. Mikunjo ya kudumu iko pande mbili tu, ikishuka toka shina la pua kuelekea midomoni. Anayeona makunyanzi mazito kichwa kizima anatazama mbwa mwingine, au boksa aliyechanganywa.

Sababu ya taya hilo iko Ujerumani. Kabla ya boksa kulikuwa na mbwa wa kuwindia walioitwa Bullenbeisser, na wale wadogo miongoni mwao, wa Brabant (eneo lililo leo Ubelgiji na Uholanzi), ndio wanaohesabiwa kuwa babu zake wa karibu. Kazi yao ilikuwa kumkamata nguruwe mwitu au dubu aliyekwisha kufukuzwa na mbwa wengine, na kumng'ang'ania hadi mwindaji afike. Mbwa wa kazi hiyo alihitaji kinywa kipana chenye meno yaliyoachana, ang'ate asiachie. Uwindaji wa makabaila ulipokwisha, mbwa hawa walibaki kwa wachinjaji na wachuuzi wa ng'ombe. Katikati ya miaka ya 1890, mjini Munich, Wajerumani watatu, Roberth, König na Höpner, wakaanza kuwakusanya na kuwapa jina na chama. Damu ya buldogi wa Uingereza iliingia hapo: jike aliyeitwa Alts Schecken alipandishwa na buldogi Tom, akazaliwa Flocki, mbwa wa kwanza katika kitabu cha ukoo wa boksa. Mwaka 1902 chama hicho kilitoa kanuni za kwanza za umbo lake.

Ukiijua historia hiyo huchanganyi tena boksa na buldogi. Buldogi wa leo ni mfupi na mzito, amekaa chini. Boksa alichaguliwa awe na miguu. Mwili wake ni mraba: chora mstari wa wima toka juu ya mabega hadi chini, na mwingine wa kulala toka mbele ya bega hadi mwisho wa nyonga, ile mistari ilingane. Kifua kinafika kwenye viwiko, na kina chake ni nusu ya kimo. Dume husimama sentimita 57 hadi 63 mabegani, jike 53 hadi 59. Dume wa kimo cha 60 hivi anazidi kilo 30, na jike wa 56 anakaribia kilo 25. Mstari wa tumbo unapanda kwa mkunjo mzuri kuelekea nyuma. Ukitajiwa "boksa" wa kilo 55, omba umwone mwenyewe. Ama amenenepa vibaya, ama ni mbwa wa aina nyingine. Boerboel, ambaye huku kwetu watu wanampenda sana, ni mzito kwa mbali, na mwili wake ni mrefu kuliko kimo chake. Wale wanaoitwa pitbull nao domo lao ni refu zaidi na taya la chini halitangulii.

Sasa rangi, ambako maneno yanapotea zaidi.

Boksa wa kanuni ana rangi mbili za msingi. Ya kwanza ni hudhurungi, kuanzia ya manjano iliyopauka hadi nyekundu iliyokolea. Ya pili ni milia: juu ya hudhurungi ileile kuna mistari myeusi inayoshuka kufuata mbavu. Rangi zote mbili huja na barakoa nyeusi, na barakoa hiyo inatakiwa iishie kwenye domo, isipande kufunika uso wote. Kwa hiyo "kahawia" peke yake haitoshi. Andika "hudhurungi nyekundu" au "milia ya wazi juu ya hudhurungi", halafu utaje barakoa.

Wauzaji wengi hutangaza boksa "mweusi" na kumpandisha bei kwa kudai ni adimu. Mpeleke mbwa huyo juani, umpapase manyoya ya ubavuni yakilala upande mmoja, na katika boksa halisi utaona mistari ya hudhurungi imejificha humo. Ni milia iliyosongamana hadi rangi ya chini ikakaribia kumezwa. Jeni, yaani kipande cha urithi, inayofanya mbwa wa aina nyingine kuwa mweusi kabisa haimo katika ukoo wa boksa. Akiwa mweusi tii, bila mstari hata mmoja, niambie mama yake na baba yake ni nani kabla hujaandika boksa kwenye kadi.

Nyeupe inahitaji subira zaidi. Boksa wengi wana mabaka meupe kifuani, shingoni, miguuni na katikati ya uso, na yanapendeza. Kwenye maonyesho, mabaka hayo hayatakiwi kuzidi theluthi ya mwili. Lakini ukiwapandisha wazazi wawili wenye mabaka mengi, hesabu ya urithi inakupa kwa wastani robo ya watoto weupe au karibu weupe, nusu wenye mabaka kama wazazi wao, na robo iliyobaki wenye rangi karibu mwili mzima. Mtoto mweupe si zeruzeru: macho yake ni meusi, na pua yake huwa nyeusi au hujaza weusi anavyokua. Wala si mchanganyiko, na mama yake hakutoroka usiku. Meta von der Passage, jike anayehesabiwa kuwa mama wa ukoo wa boksa, alikuwa mweupe sehemu kubwa ya mwili. Inaniuma kwamba kwa miaka mingi wafugaji wengi waliwaua watoto weupe siku walizozaliwa ili kulinda jina la banda lao.

Kwenye maelezo ya boksa mweupe ongeza mambo mawili. La kwanza ni kusikia. Chembe zinazotia rangi zinahitajika pia ndani ya sikio. Zikikosekana, chembe za kusikia hufa katika majuma ya kwanza ya maisha, na mbwa hubaki kiziwi wa sikio moja au yote mawili. Weupe wengi wanasikia vizuri, lakini walio viziwi si wachache, hivyo kila mmoja apimwe na jibu liandikwe. La pili ni ngozi: pua na masikio yasiyo na rangi huungua juani, na jua letu halina huruma.

Masikio na mkia vinaeleza alichofanyiwa mbwa, siyo alivyo. Picha za zamani zinaonyesha masikio yaliyochongwa yakasimama na mkia uliokatwa, na bado kuna watu wanaofikiri boksa huzaliwa hivyo. Sikio lake la asili linalala mbele likigusa shavu, na mkia ni mrefu. Ujerumani yenyewe imepiga marufuku kukata mkia tangu 1998. Uingereza, mtaalamu wa urithi Bruce Cattanach, ambaye pia alikuwa mfugaji, alimchanganya boksa na Corgi, mbwa wa miguu mifupi, ili kuleta mkia mfupi wa kuzaliwa nao, kisha akawarudisha watoto kwa boksa kizazi baada ya kizazi. Baada ya vizazi vichache tu, kichwa na mwili vilikuwa vya boksa kabisa, na mkia mfupi ulibaki. Ndiyo maana mkia nauandika kama alama ya mbwa mmoja mmoja, pamoja na makovu: "mkia umekatwa", "masikio ya asili".

Tabia nitaitaja kifupi. Boksa ni mchangamfu, anawapenda watu wake, anachelewa kukomaa akilini, na ni mlinzi anayefikiri kabla ya kuvamia. Wajerumani walimtumia polisini na vitani. Neno "mkali" ukiliandika kwenye kadi, andika pia alimng'ata nani na katika hali gani, la sivyo lifute.

Mimi kama daktari naongeza sehemu ambayo wafugaji huiruka, nayo ni ya afya. Boksa ana ugonjwa wa misuli ya moyo ulio maarufu kiasi cha kuitwa kwa jina lake: mapigo hupoteza mpangilio, mbwa anazimia ghafla, na wengine hufa bila dalili ya awali. Wapo pia wanaozaliwa na njia nyembamba pale damu inapotoka moyoni. Kwa hiyo "aliwahi kuzimia akicheza" ni sentensi ya thamani kuliko mistari mitatu ya rangi. Dawa ya kutuliza iitwayo asepromazini inaweza kumshusha presha na kumzimisha, na daktari asiyeambiwa kuwa mgonjwa ni boksa hatapunguza dozi wala kuchagua nyingine. Uvimbe wowote wa ngozi utajwe mahali ulipo na ukubwa wake, kwa sababu saratani ya chembe za masti (aina ya chembe za kinga ya mwili) ni ya kawaida kwao, na kwa macho inaweza kufanana na jipu dogo lisilo na neno. Fizi zinazokua na kufunika meno nazo ziandikwe. Kwa Dar es Salaam au Mombasa, andika kama anakoroma akiwa macho na huchukua muda gani kutulia baada ya matembezi, maana domo fupi halipozi mwili vizuri kwenye joto na unyevu.

Ukoo huu umeshikana sana. Mwaka 2005, watafiti walipochapisha ramani kamili ya kwanza ya jeni za mbwa, waliyemtumia alikuwa jike wa boksa aliyeitwa Tasha. Alichaguliwa kwa kuwa nakala zake mbili za jeni zilitofautiana kidogo tu, na hivyo kazi ya kuzisoma ikawa rahisi. Kufanana huko huko ndiko kunakosambaza magonjwa ya moyo, kwa hiyo majina ya wazazi na vipimo vyao ni sehemu ya maelezo ya mbwa.

Huu hapa mfano wa maelezo ninayoyakubali: "Boksa, jike, miaka minne. Kimo sm 56, kilo 26. Domo ni nusu ya fuvu, taya la chini limetangulia, meno hayaonekani mdomo ukifungwa. Mwili mraba. Milia ya wazi juu ya hudhurungi nyekundu, barakoa nyeusi hadi mwisho wa domo, baka jeupe kifuani na vidole vya miguu ya mbele. Masikio ya asili, mkia umekatwa. Kovu la sm 3 paja la kushoto. Anasikia pande zote. Hajawahi kuzimia, moyo ulisikilizwa Machi, hakuna mlio wa ziada. Asipewe asepromazini bila kushauriana." Inaingia nyuma ya kadi ukiandika kwa herufi ndogo, na nafasi inabaki ya namba ya simu.