Makadirio ya Fermi, au jinsi ya kumpigia hesabu Baba Krismasi

Kuna maswali ambayo ukimtupia mtu, atakujibu, "Sasa hilo nani anajua?" Dar es Salaam ina mafundi cherehani wangapi? Makadirio ya Fermi ni njia ya kujibu maswali ya aina hiyo bila kusubiri mtu akuletee takwimu. Unalivunja swali kubwa kuwa vijiswali ambavyo kila kimoja unaweza kukikisia bila kuona haya, kisha unazidisha na kugawanya. Jibu kamili halitafutwi. Kinachotafutwa ni jibu lenye idadi sahihi ya sifuri.

Tujaribu na hao mafundi. Sensa ya 2022 iliwakuta watu kama milioni 5.4 mkoani Dar es Salaam. Tuseme kila mmoja hupeleka kwa fundi nguo mbili kwa mwaka, za kushona au za kupunguza kiuno: kazi milioni 11 hivi. Fundi anayemaliza kazi nne kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atafanya 1,200. Gawanya, upate mafundi kama 9,000. Huenda kweli ni 5,000, huenda ni 20,000, lakini si 300 na si laki tano. Ukitaka kunibishia, huna haja ya kubishia jibu. Nibishie "nguo mbili" au "kazi nne", maana zote nimeziweka mezani.

Jina linatoka kwa Enrico Fermi, mwanafizikia aliyezaliwa Roma mwaka 1901 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1938. Asubuhi ya Julai 16, 1945, bomu la kwanza la nyuklia lilipojaribiwa kwenye jangwa la New Mexico, yeye alikuwa umbali wa kilomita 16 hivi. Wakati mshindo wa hewa unapita, aliachia vipande vya karatasi vidondoke, akaangalia vimesukumwa umbali gani: kama mita mbili na nusu. Kwa hicho tu akakadiria kwamba nguvu ya bomu ilikuwa sawa na tani 10,000 za baruti ya TNT. Vipimo vya baadaye vilionyesha zaidi ya tani 20,000. Kakosea kwa nusu, ndiyo, lakini kwa vipande vya karatasi!

Siri yake si uchawi. Ukikisia mambo sita, mengine utayazidisha na mengine utayapunja, na aghalabu makosa hayo hufutana njiani. Yakielemea upande mmoja yote, basi umeumia, ndiyo maana unayaweka wazi ili mwenzako akukamate.

Sasa tumlete Baba Krismasi, mgeni ambaye watu wa fizikia wanampenda kwa sababu hadithi yake imejaa vipimo bila yeye kujua: usiku mmoja, chombo kimoja, gunia moja, watoto wote.

Duniani kuna watoto karibu bilioni 2 walio chini ya miaka 15. Wakristo ni kama theluthi ya watu wote, kwa hiyo tumpe watoto milioni 650. Najua, wapo Wakristo wasiomtaka na wapo wasio Wakristo wanaompokea kwa mikono miwili. Tunaziacha hitilafu hizo zifutane. Tukiweka watoto wawili na nusu kwa kila nyumba, anazo nyumba milioni 260. Watoto watukutu sijawatoa, kwa sababu sijui mzazi atakayekubali kwamba wake ni mmoja wao.

Muda anao mwingi kuliko unavyodhani. Akianzia visiwa vya mashariki vya Kiribati, nchi iliyo katika Bahari ya Pasifiki, ambako saa iko mbele ya Greenwich (saa ya Uingereza inayotumika kupimia saa za dunia) kwa saa 14, akawa anaelekea magharibi pamoja na usiku hadi Samoa ya Marekani, iliyo nyuma kwa saa 11, anajiongezea saa 25. Jumlisha saa tisa za usingizi wa mtoto, upate 34, yaani sekunde 122,400. Gawanya nyumba kwa sekunde: nyumba 2,100 kila sekunde. Kila nyumba inapata chini ya nusu ya elfu moja ya sekunde, na humo ndani aegeshe, ashuke kwenye dohani (huku kwetu atafute dirisha lisilo na nondo), aache zawadi, atoke. Ile "ho ho ho" yake, kwa mwendo wa sauti wa mita 340 kwa sekunde, itakuwa imesafiri sentimita 16 tu kabla hajaondoka. Haijafika hata mwisho wa ndevu.

Umbali nao: tukitandaza nyumba hizo kwenye nchi kavu inayokalika, kutoka moja hadi nyingine ni kama nusu kilomita. Zidisha, upate kilomita milioni 130, pungufu kidogo ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye Jua. Kwa saa 34, mwendo wa wastani ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde. Chombo chenye kasi kuliko vyote vilivyotengenezwa na binadamu, Parker Solar Probe cha NASA, kilipita karibu na Jua kwa kilomita 192 hivi kwa sekunde, na siku yenyewe, sikutungii, ilikuwa Desemba 24, 2024. Hata hicho angekiacha mbali.

Hapa ndipo wapenzi wa Baba Krismasi hukimbilia kwa Einstein: si amesema ukienda kasi sana muda wako unapungua mwendo? Amesema kweli. Ila kilomita 1,000 kwa sekunde ni sehemu moja ya 300 ya mwendo wa mwanga, na kwa mwendo huo tofauti ya saa yake na saa zetu kwa safari nzima haifiki sekunde moja. Na ubaya ni kwamba tofauti yenyewe inamdhulumu: ni saa yake inayohesabu muda mchache.

Mzigo ndio unaomaliza maneno. Zawadi ya kilo moja kwa kila mtoto ni tani 650,000, shehena ya kama meli tatu za makontena za daraja kubwa kabisa baharini leo. Gunia likiwa limejaa, kulifikisha kwenye kasi ile kunahitaji nishati kama nusu ya yote ambayo dunia nzima hutumia kwa mwaka, viwanda, magari na majiko pamoja. Kisha afunge breki, kwa sababu amefika nyumba ya pili. Rubani wa ndege ya kivita, akiwa na suti maalumu, huhimili mkandamizo wa mara tisa ya uzito wake. Baba Krismasi anapewa karibu mara bilioni moja, tena na tumbo lile.

Mtu asiyejua mchezo huu atasema hesabu imethibitisha kwamba Baba Krismasi hayupo. Mtu aliyezoea makadirio haendi huko. Jibu likishindikana, anarudi mezani kuuliza ni kisio gani kimelivuruga, na hapa ni kile cha chombo kimoja. Badili hicho peke yake: weka mawakala wawili watu wazima ndani ya kila nyumba, mzigo ukae juu ya kabati tangu wiki iliyopita, na safari iwe mita sita kutoka kabatini hadi kitandani kwa kunyatia. Sekunde 12. Nishati inatoshelezwa na kipande cha keki, na kulungu wote wanaokivuta chombo chake wanapewa likizo.

Kulungu hao wanastahili neno lao, kwa kuwa kwao sayansi haikuishia kwenye kukisia. Jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lina desturi ya toleo la Krismasi lenye utafiti wa kweli kuhusu mambo ya utani. Desemba 2012 watafiti wa Uholanzi na Norway waliandika humo kwamba walichungulia kwa hadubini ndani ya pua za kulungu wa nchi za baridi, wakakuta vishipa vya damu vimesongamana kwa asilimia 25 zaidi ya vya pua za watu. Damu hiyo huzuia pua kuganda na husaidia kupoza ubongo. Kwa hiyo pua nyekundu ya Rudolph, kulungu wa wimbo wa Krismasi, ina msingi. Jambo jingine: madume waliokomaa wa jamii hiyo kwa kawaida hudondosha pembe zao kabla ya Krismasi, majike wengi hubaki nazo hadi majira ya kuchipua. Tazama kadi yoyote ya Krismasi uone ni nani anayevuta.

Roma alikozaliwa Fermi, mgeni wa watoto ni Befana, bibi kizee apandaye fagio usiku wa kuamkia Januari 6, akiacha pipi kwa wema na makaa kwa watukutu. Yeye kajipunguzia eneo: ni Italia tu. Watoto karibu milioni 7, nyumba kama milioni 5, saa kumi za usingizi: nyumba 140 kwa sekunde. Nchi ina kilomita za mraba 300,000, kwa hiyo nyumba zinaachana kwa robo kilomita, na mwendo wake unatoka kilomita 34 hivi kwa sekunde.

Mwendo huo upo. Vimondo huingia kwenye anga letu kwa kilomita 11 hadi 72 kwa sekunde, vikaungua na kung'aa. Waitaliano husema nguo za Befana zimejaa masizi kwa sababu ya kupita kwenye dohani. Kwa hesabu hii, dohani zinasingiziwa.